Anzeni na Bajeti: Andiko la Kuombea Ruzuku ya Tamasha la Muziki

Kikundi kinapokaa kuandika andiko la mradi wa tamasha la muziki, mara nyingi huanza na utangulizi. Anatafutwa mwanachama mwenye kalamu nzuri, anajaza kurasa tatu kuhusu utajiri wa utamaduni wetu, na bajeti inaachiwa mweka hazina usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kupokea maombi. Mimi nashauri kinyume chake. Bajeti iandikwe kwanza, tena iandikwe na watu watakaobeba viti na kuvuta nyaya, maneno yafuate baadaye. Nimesoma maandiko ya vikundi vya ngoma, vya taarab na vya bendi za mitaani, na mengi yaliyokataliwa yalikwama mahali pamoja: maelezo yanasema jambo moja, fedha zinasema jingine. Utangulizi unaahidi kuwainua wasanii wa kijijini, kumbe sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwa msanii mmoja mashuhuri kutoka mjini, hoteli yake na gari lake. Anayesoma kwa niaba ya mfadhili hupitia ukurasa wa kwanza, kisha huruka hadi kwenye jedwali la fedha. Huko ndiko anakojua tamasha ni la nani.

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho. Tuseme kuna kikundi cha kijamii Pangani, mkoani Tanga, kinachotaka kufanya tamasha la siku 2. Mkoa huo hauna haja ya kuazima muziki kwingine. Tanga ndiko walikotoka Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vilivyosikika mwambao mzima, na ndiko mwimbaji Shakila Saidi alikovuma kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Wasambaa wana ngoma ya mdumange, Wazigua wana selo. Kikundi chetu cha kubuni kinataka kukusanya vikundi 12 vya mkoa huo, kila kimoja na wasanii 10, na kabla ya tamasha kiwafundishe vijana 20 upigaji wa ala kwa siku 10.

Karatasi ya kwanza ya bajeti inasomeka hivi. Wasanii 120 kwa malipo ya shilingi 60,000 kila mmoja: shilingi 7,200,000. Nauli, chakula na malazi yao kwa siku 2, shilingi 25,000 kwa mtu kwa siku: 6,000,000. Jukwaa, taa na mitambo ya sauti: 5,000,000. Jenereta na mafuta yake: 800,000. Mafunzo ya vijana, yaani wakufunzi 2 wanaolipwa 60,000 kwa siku pamoja na chakula cha vijana cha 8,000 kwa kichwa: 2,800,000. Ulinzi, huduma ya kwanza, vyoo na usafi: 1,500,000. Vibali na hakimiliki: 500,000. Matangazo: 1,200,000. Kurekodi na tathmini: 1,500,000. Uendeshaji: 1,500,000. Jumla ni 28,000,000, na tukiongeza asilimia 5 ya dharura tunafika shilingi 29,400,000. Bei hizi ni za kufundishia tu. Za kwenu zitoke kwenye profoma za wenye mitambo, wapishi na wenye magari, angalau tatu kwa kila gharama kubwa, na mziambatishe.

Sasa angalieni kazi inayofanywa na tarakimu hizo kabla hata sentensi moja haijaandikwa. Aliyeandika malazi analazimika kusema watu 120 watalala wapi. Nyumba za wageni za mji mdogo huenda zisiwatoshe, basi yaombwe madarasa, na kama ni madarasa tamasha halina budi kuwa wakati wa likizo, na barua ya mwalimu mkuu itafutwe mapema. Aliyeandika nauli anakumbuka kwamba kuna kikundi cha kinamama kutoka Bweni, ng'ambo ya mto, na onyesho likiisha saa tano usiku wanavukaje? Pengine wapangiwe kupiga saa kumi jioni. Aliyeandika vyoo anauliza watazamaji watakuwa wangapi. Aliyeandika jukwaa anajiuliza kama selo inachezeka juu ya mbao, au wachezaji wanataka ardhi na duara la watu, na huenda akagundua kwamba jukwaa linalohitajika ni dogo kuliko lile walilolizoea kuliona kwenye televisheni. Ratiba ya tamasha, eneo, mwezi wa kulifanya, orodha ya washirika na hatari zinazoweza kutokea, vyote vinazaliwa hapo. Mwenye kalamu nzuri akija baadaye, anakuta tamasha lipo, kazi yake ni kulieleza.

Kuna mstari mmoja katika bajeti hiyo ninaoutetea kuliko yote, nao ni ule wa kwanza. Nimeona bajeti nyingi za matamasha ambamo mwenye mitambo analipwa, mpiga picha analipwa, mshereheshaji analipwa, na kikundi cha ngoma kinaandikiwa nauli na soda. Sababu inayotolewa ni kwamba wazee wale wanacheza kwa mapenzi. Wanacheza kwa mapenzi, ni kweli, lakini pia wameacha shamba siku mbili, wamekodi ngoma, wamewamba upya ngozi zilizopasuka, na bila wao hakuna tamasha. Katika mfano wetu malipo ya wasanii ni karibu robo ya fedha zote, na sioni kwa nini yapungue. Andiko linalodai kukuza kipato cha wasanii wakati bajeti yake haiwalipi limejikana lenyewe, na mhakiki makini atalisema hilo kwenye alama zake. Bajeti ikibana, punguzeni taa au vikundi. Heri vikundi 8 vilivyolipwa kuliko 12 vilivyodhulumiwa.

Malipo yenyewe yana kodi, na hapa wengi huumia. Kwa Tanzania Bara, malipo ya huduma kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo msanii aliyeahidiwa 60,000 mkononi anahitaji kuandikiwa kidogo zaidi ya hapo. Mwenye mitambo aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani ataongeza asilimia 18: ile 5,000,000 inakuwa 5,900,000, na laki tisa hizo hazitoki hewani. Ulizeni kila mtoa huduma kama bei aliyotaja ina kodi ndani.

Halafu kuna suala la sarafu. Ruzuku nyingi huahidiwa kwa dola au yuro, na kati ya siku ya kuandika na siku ya kupokea fedha inaweza kupita miezi mingi. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300, kufikia katikati ya 2024 ikawa imevuka 2,600, na kabla ya mwaka huo kwisha shilingi ikapanda tena. Aliyeandika bajeti yake dola ikiwa juu na kupokea fedha ikiwa imeshuka, aliingia kwenye tamasha na upungufu asiousababisha yeye. Andikeni bajeti kwa shilingi, tajeni kiwango cha ubadilishaji na tarehe yake, na chagueni kiwango cha tahadhari.

Baada ya bajeti ndipo lije swali gumu kuliko yote: mfadhili analipia nini hasa? Kikundi kinadhani analipia tamasha. Chukueni mfano wa Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni, ulioanzishwa chini ya Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005. Mfuko huo hutoa hadi dola 100,000 kwa mradi, na miongozo yake inaeleza kwamba haugharimii mradi ambao kazi yake yote ni kuandaa tukio au kuzalisha kazi ya sanaa, wala haulipi madeni au kufidia hasara iliyokwisha kupatikana. Si wafadhili wote walio wakali hivyo, lakini mwelekeo huo umeenea. Wanataka kuona kitakachobaki jukwaa likishavunjwa na vyuma kupakiwa kwenye lori.

Kwa kikundi chetu cha Pangani jibu limo tayari kwenye karatasi, ila halijatamkwa. Vijana 20 watabaki wakijua kupiga ala. Patabaki orodha ya vikundi 12, viongozi wao, namba zao na bei zao, ambayo mwenye hoteli au mwenye harusi anaweza kuitumia. Zitabaki rekodi. Andiko zuri linayaweka hayo mbele na kulitazama tamasha kama siku ambayo kazi ya miezi kadhaa inaonekana hadharani. Hivyo mafunzo yasiwe kipengele cha kupambia. Yapewe wakufunzi wanaotajwa kwa sifa zao, mahali pa kufanyia na namna ya kuwachagua vijana, wakiwamo wasichana, kwa maana kwenye ala nyingi wasichana huachiwa kuimba na kucheza tu. Kama kuna chuo au taasisi ya sanaa mnayoweza kushirikiana nayo, kama TaSUBa ya Bagamoyo kwa bara au Dhow Countries Music Academy kwa Zanzibar, barua yake ya kukubali ina uzito kuliko aya nne za ahadi.

Sehemu inayoeleza tatizo ndiyo inayonisikitisha zaidi. Maandiko mengi huanza kwa kusema kwamba utamaduni wetu unapotea, vijana wameacha mila na utandawazi umetumeza. Mhakiki ameisoma sentensi hiyo katika kila andiko la wiki hiyo. Tena mara nyingi si kweli: ngoma inachezwa kila msimu wa arusi na jando, na vijana wanaoitwa wapotevu ndio wanaoipiga. Kinachokosekana ni kitu kinachoweza kuelezwa waziwazi. Zungukeni kwenye kata zenu kabla ya kuandika. Ulizeni kuna vikundi vingapi, vingapi vilialikwa mahali na kulipwa mwaka uliopita, vingapi vina ngoma zake na vingapi vinaazima, nani hapo ana umri chini ya miaka 25. Mkirudi na majibu mtakuwa na tatizo linalopimika, na aya ya nusu ukurasa itakayomfanya msomaji asimame.

Majibu hayohayo ndiyo yatakayotumika kwenye viashiria. Kuandika kwamba watu 3,000 watahudhuria si kupima mabadiliko, na kwenye uwanja wa wazi usio na lango hata kuwahesabu ni kubahatisha. Afadhali kuahidi kidogo kinachothibitika: kwamba miezi sita baada ya tamasha mtavirudia vikundi 12 na kuuliza vimealikwa kwa malipo mara ngapi, kisha mlinganishe na jibu la kabla. Kiashiria hicho kinagharimu nauli ya mtu mmoja na daftari. Kwa vijana 20, wangapi wamejiunga na kikundi? Mkiwa na viashiria vinne vya namna hiyo inatosha. Mkijaza ishirini, mtalazimika kuvitolea taarifa vyote ishirini.

Lengo nalo litoke mahali penyewe. Tamasha la Amani la Goma, mashariki ya Kongo, lilipangwa kwanza mwaka 2013, likaahirishwa kwa sababu ya mapigano, likafanyika Februari 2014. Jina lake na mji wake vinaeleza kwa nini lipo. Kule Mtwara, tamasha la MaKuYa limejenga jina lake kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, na mtu akilisikia tu anajua nani wanakutanishwa. Kikundi cha Pangani kikinakili malengo ya amani ya Goma kwa sababu kimesikia wafadhili wanayapenda, msomaji atahisi. Kiseme cha kwake: kwamba wageni wanaokuja kwenye fukwe za Pangani wanaondoka bila kuusikia muziki wa Pangani, kwa mfano, na kwamba vikundi vya milimani na vya pwani ya mkoa uleule havijawahi kukutana mahali pamoja. Kama ndivyo ilivyo, kiseme hivyo.

Msimtegemee mfadhili mmoja. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kuifanya Ngome Kongwe ya Zanzibar ijulikane na wapenzi wa muziki wa Afrika duniani kote, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Lilirudi mwaka 2017. Ikiwa tamasha lenye sifa, wageni wa kigeni na uzoefu wa zaidi ya miaka kumi liliweza kukosa mwaka mzima, kikundi cha wilayani kina kila sababu ya kugawanya mzigo. Andiko lionyeshe nani mwingine anachangia, hata kama mchango si fedha taslimu: uwanja unaotolewa na halmashauri, vijana wa kujitolea, magari ya mwenye hoteli. Hesabuni thamani yake kwa bei halisi. Vijana 15 wa kuelekeza watu kwa siku 2, ikiwa kibarua cha siku ni 20,000, ni mchango wa shilingi 600,000, na unastahili mstari wake.

Kwenye kutafuta hao wengine, tofautisheni ruzuku na udhamini. Kampuni ya simu au ya vinywaji inataka jina lake lionekane mbele ya watu wengi, kwa hiyo barua yake iwe fupi na ieleze watu wangapi, wapi, na bango litakaa upande gani. Taasisi inayotoa ruzuku inataka mabadiliko mliyoyaahidi. Kutuma andiko lilelile kwa wote wawili ni kuwakosa wote wawili. Na jingine: mkopo si ruzuku. Fedha ambazo halmashauri hutenga kutoka asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo isiyo na riba, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa pia umekuwa ukikopesha wasanii. Mkopo unafaa kununulia mitambo mtakayoikodisha mwaka mzima na kuurejesha. Kuutumia kwenye tamasha la kiingilio cha bure ni kujitafutia deni lisilo na chanzo cha kulipia.

Viambatisho vina uzito wake, ingawa havina mengi ya kusemwa. Hati ya usajili, katiba ya kikundi, taarifa ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, barua ya serikali ya kijiji au mtaa, na barua ya afisa utamaduni wa wilaya inayoonyesha kwamba mnajua njia ya vibali vya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Kwa Zanzibar ni BASSFU. Mashirika yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali yakumbuke pia kanuni za mwaka 2018, zilizotaka mkataba wa fedha za wafadhili zinazozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Bajeti yetu ya 29,400,000 imevuka hapo, kwa hiyo jambo hilo liwemo kwenye ratiba ya kazi tangu mwanzo.

Kuhusu kurekodi, nawasihi kwa moyo wote: ombeni idhini ya wasanii kwa maandishi kabla ya kamera kuwashwa, na kwenye andiko elezeni rekodi zitakuwa za nani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watumbuizaji na pia sanaa za jadi. Kikundi kinachokwenda na video ya wazee wa mdumange, kikaiweka mtandaoni na kuingiza fedha bila wao kujua, kimewaibia walewale waliotajwa kwenye andiko kuwa wanufaika. Nakala moja ya rekodi irudi kwa kila kikundi, na gharama yake iwe kwenye bajeti.

Kalenda ihesabiwe kwa kurudi nyuma. Kama tamasha ni Agosti, mafunzo ni Julai, fedha zinapaswa kuwa benki mwezi Mei, majibu yatoke Machi, basi maombi yamekwisha kupelekwa mwaka uliotangulia. Maswali mliyozunguka nayo kwenye kata yalipaswa kuulizwa kabla ya hapo. Mkiona tangazo la ruzuku linafungwa wiki ijayo na hamna hata profoma moja, liacheni lipite. Mjiandae kwa linalofuata, maana wafadhili wengi hurudia matangazo yao, na andiko la haraka lililokataliwa linaweza kuacha kumbukumbu mbaya. Na mkikataliwa baada ya kazi nzuri, andikeni barua fupi ya kushukuru na kuomba maoni ya wahakiki. Wengine hutoa. Maoni ya nusu ukurasa huweza kuokoa mwaka wenu unaofuata.

Mkipata, kazi ya taarifa inaanza siku mkataba unaposainiwa. Mwenye mitambo atatoa risiti ya mashine ya EFD. Kiongozi wa kikundi cha selo kutoka kijijini hana mashine hiyo, na hapo ndipo hesabu nyingi za matamasha hukwama mbele ya mkaguzi. Tayarisheni mapema fomu ya malipo kwa kila kikundi, yenye majina yote 10, kiasi cha kila mmoja, kodi iliyokatwa, nafasi ya saini au dole gumba, na namba ya simu. Lipeni kwa simu, moja kwa moja kwa kila msanii badala ya kumkabidhi kiongozi fungu zima, kwa sababu taarifa ya miamala inabaki kama ushahidi na hakuna atakayelalamika kwamba hakufikishiwa. Fedha hizo ziwe tayari kwenye akaunti ya malipo kabla ya siku ya kwanza, na kila kikundi kilipwe kikishuka jukwaani, wasanii wote wakiwa bado wapo kusaini.